Hita ya Chumba Chuoni: Namna ya Kujipasha Joto kwa Usalama na kwa Umeme Mdogo

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura akifika kusoma au kufanya kazi katika chuo cha kaskazini mwa Marekani hukutana na baridi mbili. Ya kwanza ni ya nje, ambayo kila mtu alimwonya juu yake kabla hajasafiri, na koti zuri pamoja na viatu vinavyofaa humtosha kukabiliana nayo. Ya pili ni ya ndani. Hii ndiyo baridi ya ofisi iliyo kwenye kona ya jengo la zamani, au ya chumba cha kusomea chenye madirisha makubwa, ambamo vidole vya miguu hufa ganzi kufikia saa nne asubuhi ingawa jengo linahesabiwa kuwa na joto. Baridi hii ya pili ndiyo inayowapeleka watu dukani kununua hita ndogo ya umeme ya kuweka chini ya meza.

Hita hiyo ina manufaa yake, lakini ni kifaa cha kumpasha mtu mmoja mahali alipoketi. Haikuundwa kupasha ofisi nzima, sembuse kuziba pengo la mfumo wa kupasha jengo uliokorofika. Karibu kila ushauri unaofuata hapa, uwe wa usalama au wa umeme, unatokana na tofauti hiyo.

Uliza kwanza kama inaruhusiwa

Vyuo vingi vya Marekani vimepiga marufuku hita za kubebeka katika mabweni, zikiwemo zile zenye swichi za usalama. Hita inayokutwa wakati wa ukaguzi huchukuliwa, na mwenye chumba anaweza kutozwa faini. Marufuku hiyo ina msingi: chumba cha bweni ni kidogo, godoro, nguo na karatasi vimebanana, mwenye chumba hulala humo, na mamia ya watu wanategemea ngazi zilezile kutoka nje. Kwa wafanyakazi na wanafunzi wa uzamili wenye meza ofisini, utaratibu hutofautiana. Baadhi ya vyuo hukataza kabisa, vingine huruhusu kwa idhini ya maandishi kutoka kwa msimamizi au ofisi ya usalama wa moto, na vingine huazimisha hita zao vyenyewe ili vijue ni za aina gani na ziko chumba gani. Soma mkataba wa makazi au mwongozo wa wafanyakazi, na kama maelezo hayaeleweki, uliza kwa baruapepe ili ubaki na jibu lililoandikwa. Kauli ya mwenzako kwamba "hapa kila mtu anayo" haitakusaidia mkaguzi atakapokuja.

Tafuta baridi inatoka wapi

Kabla ya kutumia hata senti moja, chunguza chumba chenyewe. Majengo mengi ya zamani ya vyuo hupashwa kwa mvuke au maji ya moto yanayotoka katika mtambo mmoja wa kampasi na kusafiri chini ya ardhi hadi kwenye rejeta, yaani vyuma vya kupashia chumba, zilizo chini ya madirisha. Rejeta ikifunikwa na kabati la vitabu, kochi au pazia refu, joto lake huishia nyuma ya samani hizo. Katika majengo mapya, hewa ya joto hutoka kwenye matundu ya darini au ukutani, nayo huzibwa kwa urahisi na maboksi yaliyopangwa ovyo. Angalia pia kama dirisha limefungwa sawasawa hadi kwenye komeo lake, kwa sababu dirisha linaloonekana limefungwa kumbe limeacha mwanya wa unene wa kidole litaishinda hita yoyote. Iwapo meza yako imegusana na kioo cha dirisha, isogeze. Kioo baridi hunyonya joto la mwili wa mtu aliyekaa karibu nacho, hivyo unaweza kusikia baridi hata pale kipimajoto kinapoonyesha kiwango cha kawaida.

Zingatia pia saa. Majengo mengi ya kampasi hupunguziwa joto usiku na mwishoni mwa wiki ili kuokoa nishati, na hurudishwa katika hali ya kawaida alfajiri ya siku ya kazi. Anayeandika tasnifu hadi saa sita usiku atapata baridi iliyopangwa, wala hakuna fundi atakayeitibu. Kuhamia maktaba, ambayo kwa kawaida hupashwa hadi inapofungwa, ni suluhisho bora kuliko kuwasha hita peke yako katika jengo tupu.

Ukishaona kwamba tatizo ni la mfumo, liripoti kwa ofisi ya matengenezo, na uripoti kwa namba. Ujumbe unaosema "ofisini kwetu kuna baridi sana" hauna pa kushikwa. Ujumbe unaosema "chumba 214, saa tatu asubuhi, kipimajoto kinasoma nyuzi 61 za Fahrenheit, na rejeta ya dirisha la kushoto ni baridi mwanzo hadi mwisho ilhali ya kulia ni ya moto" unamwambia fundi aje na vifaa gani. Nyuzi 61 za Fahrenheit ni takriban nyuzi 16 za Selsiasi, na ofisi nyingi hulengwa ziwe karibu na nyuzi 68, yaani nyuzi 20 za Selsiasi. Kipimajoto kidogo cha mezani hakina gharama kubwa, na huenda kikakuondolea haja ya kununua hita kabisa.

Kuna sababu nyingine ya kutanguliza ripoti, nayo watu wachache huifikiria. Katika majengo mengi, themostati moja, yaani kifaa kinachopima joto na kuuongoza mfumo, huongoza vyumba vitatu, vinne au zaidi. Mwenye chumba chenye themostati akiwasha hita, kifaa hicho huamini kwamba eneo zima limeshapata joto na kupunguza joto linalopelekwa kwa wote. Majirani wanazidi kuganda, nao wananunua hita zao. Baada ya wiki mbili, korido nzima ina hita, mfumo wa jengo umedanganyika, na hakuna aliyemwita fundi. Hivyo basi, ikiwa themostati iko ukutani kwako, hita isiwe karibu nayo wala isiielekee.

Kuchagua hita

Wauzaji hupenda kudai kwamba hita yao "hula umeme kidogo" kuliko nyingine. Ukweli ni kwamba hita zote za kawaida za umeme hugeuza umeme wote zinaoutumia kuwa joto. Wati 1,500 ni wati 1,500, iwe hita ni ya dola 25 au ya dola 200. Tofauti iko katika namna joto linavyomfikia mtu. Hita ya mionzi, ile inayong'aa rangi nyekundu au ya machungwa, hupasha kilicho mbele yake moja kwa moja na inafaa pale unapotaka kupata joto haraka, lakini uso wake ni wa moto mkali na ndiyo ninayoiogopa zaidi katika ofisi yenye karatasi. Hita ya feni husukuma hewa ya moto, ni ndogo na huleta joto upesi, ila ina kelele. Hita ya umeme yenye mafuta ndani, inayofanana na rejeta yenye magurudumu, huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na uso wake kwa kawaida haufikii ukali wa hita ya mionzi. Mafuta yaliyomo hayaungui wala hayaongezwi. Kwa mtu anayeketi mahali pamoja saa nyingi, hiyo ya mwisho ndiyo ningeipendekeza, ikiwa chuo kinairuhusu.

Iwe ya aina yoyote, hita iwe na alama ya maabara ya upimaji inayotambulika, kama UL, ETL au CSA. Kiwango cha Marekani kinachohusu hita za umeme za kubebeka huitwa UL 1278, na baadhi ya vyuo hukitaja kwa jina katika masharti yao. Iwe na swichi inayoizima ikianguka, kinga inayoizima ikipata moto kupita kiasi, themostati yake yenyewe, na ngazi angalau mbili za nguvu. Saa ya kujizima ni nyongeza nzuri. Epuka hita ya mtumba isiyo na lebo, ambayo waya wake umewahi kufungwa kwa utepe, au ambayo plagi yake imegeuka rangi ya kahawia kwa kuungua.

Hita za gesi au mafuta ya taa hazina nafasi yoyote ndani ya chuo. Vivyo hivyo jiko la mkaa. Wapo waliozoea kuota moto wa mkaa Njombe, Limuru au Kabale wakati wa baridi, lakini chumba cha Marekani kilichozibwa kila upenyo hukusanya monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu usingizini kabla hajajua kuna tatizo.

Soketi, waya na nafasi

Hapa ndipo ajali nyingi huanzia, kwa hiyo hesabu yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Umeme wa majumbani na maofisini Marekani ni wa volti 120. Hita ya wati 1,500 huvuta ampea 12.5. Breka, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, inayolinda soketi za ofisi kwa kawaida ni ya ampea 15 au 20, na breka hiyo moja hulinda soketi kadhaa, pengine hata za ofisi ya jirani upande wa pili wa ukuta. Mzigo unaokaa kwa muda wa saa tatu au zaidi haupaswi kuzidi asilimia 80 ya uwezo wa breka, ambayo kwa breka ya ampea 15 ni ampea 12. Maana yake ni kwamba hita moja iliyowashwa nguvu zote tangu asubuhi imeshavuka mpaka huo hata kabla ya kompyuta, birika au printa kuunganishwa. Birika la umeme peke yake linaweza kuvuta kiasi kilekile. Asubuhi ya Jumatatu ya Januari, mmoja anawasha hita, wa pili anachemsha maji ya chai, na breka inakata. Kompyuta za ofisi mbili zinazimika kwa pamoja. Breka ikikata imefanya kazi yake. Ikikata mara ya pili, usiirudishe tena na tena, bali punguza mzigo na umwite fundi umeme.

Njia rahisi ya kubaki ndani ya mpaka ni kutumia ngazi ya chini. Wati 750 huvuta ampea zipatazo 6, na kwa mtu mmoja chini ya meza moja zinatosha kabisa.

Hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Isipitie ekstensheni, wala kile kipande chenye soketi nyingi kinachowekwa chini ya meza kwa ajili ya kompyuta, hata kama kina taa nyekundu na kimeandikwa kwamba kinalinda vifaa. Ekstensheni nyingi zina nyaya nyembamba kuliko zile zilizo ndani ya ukuta, na mkondo mkubwa unaopita humo kwa saa nyingi huzipasha hadi ganda la plastiki linalainika, mara nyingi chini ya zulia au nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona. Waya wa hita nao usipitishwe chini ya zulia, chini ya mlango wala mahali pa watu kupita.

Jizoeze kipimo kimoja kidogo. Baada ya hita kufanya kazi dakika 20, gusa plagi yake kwa nyuma ya vidole. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima hita kwa swichi yake, iache ipoe, kisha uichomoe na usiitumie soketi hiyo tena. Mara nyingi chanzo huwa ni soketi iliyolegea kwa uzee, ambayo haishiki miguu ya plagi vizuri, na mahali palipolegea ndipo joto hujikusanya. Soketi ambayo plagi huning'inia au hudondoka yenyewe ni ya kuripotiwa siku hiyohiyo.

Nafasi inayotakiwa kuizunguka hita ni futi 3, karibu mita 1, pande zote. Kanuni za moto zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani hutaja kipimo hicho. Ukikichukua kwa uzito, utagundua kwamba ofisi nyingi hazina mahali pa hita: kuna pipa la karatasi, koti lililotundikwa kwenye kiti, pazia, mkoba, rundo la mitihani isiyosahihishwa. Ondoa vitu hivyo au acha hita. Iwekwe sakafuni mahali tambarare, isipandishwe juu ya kiti, kabati au meza, na isikaribie sinki. Usianike soksi wala kitambaa juu yake.

Usiiache ikiwaka ukitoka, hata kama ni kwenda darasani kwa kipindi kimoja, na usilale nayo. Kuizima kwa swichi hakutoshi mwisho wa siku. Ichomoe, ukishika plagi yenyewe na si waya. Baadhi ya watu hubandika karatasi mlangoni, usawa wa macho, yenye neno "HITA". Ni mbinu duni kwa sura lakini inafanya kazi.

Tarehe 9 Januari 2022, moto uliozuka katika jengo la ghorofa 19 mtaa wa Bronx, New York, uliua watu 17, wakiwemo watoto 8. Familia nyingi za jengo hilo zilikuwa na asili ya Afrika Magharibi, hasa Gambia. Wachunguzi walisema ulianzia kwenye hita ya umeme ya kubebeka. Moto wenyewe haukusambaa mbali kutoka kwenye nyumba ulikoanzia, lakini mlango wa nyumba hiyo ulibaki wazi baada ya waliomo kukimbia, na moshi ukapanda ngazi hadi ghorofa za juu. Kwa hiyo, chumba chako kikishika moto, toka, vuta mlango ufungike nyuma yako, bonyeza king'ora cha kwenye korido na upige 911, namba ya dharura ya Marekani, ukiwa nje. Na katika siku za kawaida, usiweke kigingi kwenye mlango wa ngazi ili ubaki wazi kwa sababu tu umechoka kuusukuma.

Umeme unaokwenda

Anayetumia LUKU Tanzania au tokeni Kenya hujua yuniti zake zinavyopungua, kwa sababu huziona kwenye mita. Ofisini chuoni hakuna mita, na bili haimfikii mtumiaji, kwa hiyo hita huachwa iwake bila uchungu. Hesabu ni hii. Hita ya wati 1,500 ikiwaka kwa muda wa saa 8 hutumia yuniti (kilowati-saa) 12 kwa siku, sawa na 60 kwa wiki ya kazi. Katika wiki 16 za baridi ni yuniti 960, na tukichukua bei ya mfano ya senti 15 za dola kwa yuniti, ni dola 144 kwa mtu mmoja. Hita hiyohiyo ikitumika kwa wati 750, saa 4 tu kwa siku, gharama hushuka hadi dola 36. Mkeka wa umeme wa kuwekea miguu, wenye wati 100, ukitumika saa zote 8, hauzidi dola 10 kwa msimu mzima.

Tofauti hiyo ndiyo sababu ya mimi kumshauri karibu kila anayeuliza kuhusu hita aanze na mkeka wa miguu. Hupasha kiungo kinachotangulia kupata baridi, hauvuti hata ampea 1, na ofisi za usalama ambazo hukataa hita wakati mwingine huukubali. Nao utafutiwe idhini na uwe na alama ya upimaji. Kabla yake kuna nguo: fulana ya joto inayobana mwili chini ya shati, soksi za sufu, na sweta linaloachwa ofisini. Wengi wetu huvaa koti kubwa nje na kulivua ndani tukabaki na shati jepesi, kisha tukalaumu jengo.

Umeme wa hita hupotea pia kwa namna isiyoonekana kwenye hesabu ya ofisi moja. Mifumo mipya ya vyuo hutumia pampu za joto, ambazo huhamisha joto kutoka ardhini, majini au hewani badala ya kulitengeneza, na kwa yuniti moja ya umeme hutoa yuniti mbili, tatu au zaidi za joto. Chuo Kikuu cha Ball State, Indiana, kilianza mwaka 2009 kujenga mfumo wa namna hiyo wa kutumia joto la ardhini ili kuachana na matanuri yake ya makaa ya mawe. Katika jengo kama hilo, kuwasha hita ni kununua kwa bei ya juu joto ambalo mfumo ungekupa kwa umeme mdogo zaidi, ilimradi themostati na matundu yake vinafanya kazi.

Ukiishi nje ya kampasi

Mwanafunzi aliyepanga mtaani halindwi na sheria za chuo, lakini mara nyingi hulindwa na za mji. Katika Jiji la New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mwenye nyumba anapaswa kuhakikisha ndani hakushuki chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku iwapo nje ni chini ya nyuzi 55, na usiku kusishuke chini ya nyuzi 62 bila kujali hali ya nje. Malalamiko hupokelewa kwa simu ya 311, namba ya huduma za jiji hilo. Miji mingine ina viwango vyake, vinavyopatikana katika idara za nyumba. Mwenye nyumba anayekupa hita badala ya kutengeneza mfumo wake amehamishia kwako hatari pamoja na bili. Usikubali kimyakimya, na kamwe usifungue mlango wa oveni ya gesi ili upashe jikoni. Hakikisha king'ora cha moshi na cha monoksidi ya kaboni vina betri hai.

Msimu ukiisha

Machipuko yakifika, ichomoe hita, futa vumbi kwenye matundu yake kwa brashi kavu ikiwa imepoa, na uihifadhi mahali pakavu bila kuukunja waya kwa nguvu. Novemba inayofuata, kagua waya na plagi kabla ya kuiwasha. Harufu hafifu ya vumbi linaloungua mara ya kwanza hutoweka baada ya dakika chache; harufu ya plastiki ni ishara ya kuizima mara moja.

Anayerudi nyumbani asiifungashe kwenye kontena. Hita ya Marekani ya wati 1,500 imetengenezwa kwa volti 120. Ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 hadi 240 wa Tanzania, Kenya au Uganda, itavuta karibu ampea 24 au 25 na kujaribu kutoa zaidi ya wati 5,500, na kitakachoungua kwanza kinaweza kuwa hita, plagi au ukuta. Hita iliyotoka Afrika Mashariki ikiletwa Marekani haitafikia hata theluthi moja ya nguvu yake. Mwachie anayebaki, ukimpa na kijitabu chake cha maelekezo, baada ya kuhakikisha kwamba chumba anachohamia kinairuhusu.